Mgeni Aliyeandika Kila Asubuhi

Baba yangu alikuwa mtu wa kujibu barua. Kabla hajastaafu alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai, huku kwetu kwenye vilima vya Kebirigo, na jioni watu walimletea barua za watoto wao walio mbali awasomee, kisha awaandikie majibu. Hakuandika jibu ovyo. Alianza na salamu, akauliza afya, akaeleza habari za mvua na za shamba, ndipo akaingia kwenye jambo lenyewe. Mtu akikuandikia, alituambia tangu utotoni, unamjibu. Kunyamaza ni kumwacha mgeni nje na umemsikia akipiga hodi.

Naanza na hilo kwa sababu waliomcheka baadaye walisema mzee alikuwa mshamba. Hakuwa mshamba. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Nyumbani tunamwita Tata, kama Wakisii wengi wanavyomwita baba. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipokwenda ng'ambo kufanya kazi ya kutunza wazee wa watu, yeye na Tata walipatana kwamba wataandikiana. Si zile jumbe za maneno yaliyokatwakatwa, barua. Saa za kazi za mdogo wangu hazikupatana na saa zetu, na Tata hapendi mazungumzo ya simu, anasema mtu akipigiwa husahau lile alilotaka kusema. Kwa hiyo nikampa simu yangu ya zamani yenye kioo kikubwa, nikamfungulia anwani ya imeli, na kwa kuwa nafanya kazi ya mapokezi katika duka la miwani Kisii mjini, nikampelekea na miwani ya kusomea. Alilipenda jina lenyewe, barua pepe.

"Kumbe barua haijafa," alisema. "Imeacha tu kutembea kwa miguu."

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Mdogo wangu aliandika kuhusu baridi, kuhusu mzee mmoja aliyemtunza ambaye alikataa kula mpaka aimbiwe, kuhusu kanisa dogo la Kisabato alilolipata mtaani kwao. Tata alisoma barua hizo kwa sauti baada ya chakula, mama akiendelea kuchambua mboga za chinsaga, na wakifika mwisho mama alisema, "Rudia hapo pa baridi." Akarudia.

Shida ilianzia gotini. Shamba letu linateremka kuelekea kijito, na miaka ya kupanda na kushuka na kikapu mgongoni ilikuwa imemla goti la kulia. Siku moja aliandika swali kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha ukarani, kuhusu dawa ya goti. Ukurasa mmoja ukamwambia upo tayari kumpa kitabu cha bure kuhusu maumivu ya viungo, ila aweke jina na anwani yake. Akaweka. Aliniambia baadaye kwamba hata aliona ni heshima, mtu kukuomba anwani kabla ya kukuandikia.

Asubuhi iliyofuata barua ikaingia. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye koti jeupe, ametabasamu. Ilimwita Tata kwa jina lake. Ilisema, kwa Kiingereza, kwamba huyo mwanamke alikuwa amemfikiria alipoamka, akitaka kujua goti linaendeleaje. Na chini, karibu na sahihi, iliandikwa hivi: una swali? Nijibu hapa hapa. Kila barua naisoma mwenyewe.

Basi Tata akajibu.

Nilizisoma barua zake zote baadaye, na mpaka leo nikizikumbuka napata hasira isiyo na pa kwenda. Alimshukuru daktari, ndivyo alivyomwita, kwa kuacha kazi zake na kumfikiria mtu asiyemjua. Alimweleza goti lilivyoanza, na jinsi linavyouma zaidi mvua inapokaribia. Alimuuliza kama huko kwao mvua inanyesha na kama wazazi wake wangali hai. Kesho yake ikaja barua nyingine, kuhusu kosa ambalo watu hulifanya na magoti yao. Haikugusa hata swali lake moja. Tata akaona daktari ana wagonjwa wengi. Akajibu tena.

"Huyo mwanamke anakuandikia kila siku," mama alimwambia. "Anataka nini?"

"Anataka kujua hali ya goti."

"Mimi nalala na hilo goti na sijawahi kukuandikia."

Nilipokwenda nyumbani na kusikia habari hizo nilimwambia Tata kwamba ni matangazo, kwamba ni watu wanaouza vidonge. Akaniuliza kama nawajua. Nikasema siwajui. "Basi usimseme vibaya mtu usiyemjua," akasema. "Ameniita kwa jina." Nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Niliona, ah, mzee amepata cha kumchangamsha, na hakuna kinachoharibika.

Lakini anwani yake ilikuwa imeshatolewa kwa wengine. Wakaanza kumwandikia wauzaji wa viwanja vya mbali asikowahi kufika, wa mbegu za ajabu, wa masomo ya kutajirika ukiwa umelala. Mmoja alimwandikia kuhusu chai ya kupunguza unene. Tata alimjibu kwa upole kwamba yeye ni mkulima wa chai, anayo ya kutosha, na kwamba katika umri wake tatizo si unene bali meno. Kila asubuhi, badala ya kwenda kuona ng'ombe kwanza, aliketi barazani akijibu barua. Barua za mdogo wangu zilizama humo kama punje ya mchele kwenye gunia la mahindi. Wakati mwingine alizipata zikiwa zimekaa siku kadhaa, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Yule daktari ndiye aliyebaki rafiki yake mkuu. Siku moja aliandika kwamba hiyo ndiyo barua yake ya mwisho, kwamba mlango unafungwa leo na hataki kuondoka bila kumuaga. Tata hakulala vizuri. Sabato iliyofuata, wakati wa maombi kanisani, alisimama akaomba waumini wamkumbuke mwenzao mmoja wa mbali, tabibu, aliyemwandikia kumuaga, pengine ni ugonjwa, pengine ni jambo zito zaidi. Wakamwombea. Wiki hiyohiyo daktari akaandika tena kwa furaha: habari njema, mlango umefunguliwa upya! Tata akarudi kanisani kutoa shukrani. Watu wazima, mashemasi na mama wa kwaya, walisema amina kwa ajili ya tangazo la vidonge.

Hayo yangekwisha hapo, ningeyasimulia kama kichekesho.

Kisha ikaja barua iliyosema: tunakuja Kenya! Tata aliisoma mara nyingi. Akajibu kwamba amefurahi mno, na kwamba mtu aliyemjali kiasi hicho hawezi kufika nchi hii akalala hotelini bila kufika kwake. Akaandika maelekezo ya njia: ukitoka Kisii panda gari linalopitia Nyamira, ushuke Kebirigo sokoni, uulize nyumba ya karani wa zamani wa majani chai, mtoto yeyote atakuonyesha. Siku mbili tatu zikapita. Daktari akaandika: nafasi yako nimekuwekea, tutaonana Jumapili saa nane mchana.

Mimi sikujua lolote. Jumapili ile nilikwenda nyumbani kwa shughuli zangu tu, kuchukua ndizi na kumwona mama. Nilipofika njia panda nilimkuta Tata amesimama kando ya barabara, amevaa koti lake la Sabato, kofia mkononi, fimbo ikimsaidia goti. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Tata, kuna msiba?"

"Msiba wa nini? Kuna mgeni." Akatazama nyuma yangu barabarani. "Hujampita daktari njiani? Mwanamke, ana miwani."

Uani palikuwa pamefagiwa mpaka panang'aa. Jogoo mkubwa alikuwa ameshachinjwa. Mama alikuwa jikoni, uso umekunjamana kwa moshi na kwa mambo mengine, akisonga ugali wa wimbi. Shangazi, dada yake Tata aliyeolewa Gesima, alikuwa amefika tangu asubuhi kusaidia. Barazani walikuwa wameketi mzee wa kanisa na majirani wanne, wamevaa vizuri, na katikati yao kiti kimoja kitupu chenye kitambaa kilichofumwa na mama mwenyewe, kile cha harusi.

"Baba yako amesema ni mtu mkubwa," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimesema nini? Nimepika."

Nikarudi njia panda nikamwomba Tata simu. Akanipa kwa fahari, akanionyesha barua. Niliisoma pale pale, jua likinichoma kichwani. Yalikuwa mazungumzo ya mtandaoni. Ungebonyeza sehemu fulani saa nane na kuangalia video ya mtu akieleza kuhusu vidonge, na mwishowe ununue. Nafasi aliyowekewa ilikuwa hiyo. Waliotumiwa barua ile ni maelfu, kila mmoja na jina lake juu. Kuja kwao Kenya maana yake ni kwamba vidonge vitapatikana katika maduka ya Nairobi.

"Tata," nikasema, "haji."

"Amechelewa. Barabara ni mbaya, na huyu ni mgeni."

"Haji, Tata. Hakuna mtu. Hii barua imeandikwa na mashine. Mashine inaweka jina lako, halafu inaweka jina la mwingine, halafu la mwingine. Barua zako hakuna anayezisoma."

Sikuona hasira usoni mwake, na heri ningeiona. Aliuliza swali moja tu.

"Hata ile niliyomweleza habari za kifo cha mama yangu?"

Nilimrudishia simu. Alivaa kofia yake, akageuka, akaanza kupanda kuelekea nyumbani polepole, nami nyuma yake.

Alipofika barazani aliwaambia wageni kwamba mgeni hakujaliwa kufika. Mzee wa kanisa akasema, "Ni mipango ya Mungu," akaombea chakula. Wakala. Tata alikula kidogo, akawasukumia wengine nyama. Jirani yetu mmoja, mtu mwenye simu kubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa ameelewa. Alimuuliza Tata, huku akitafuna paja la jogoo wetu, kama daktari huyo alikuwa mzuri wa sura na kama hakuwa amemwahidi ndoa. Watu wakacheka. Shangazi akainuka, akamnyang'anya sahani mkononi.

"Umeshiba," akamwambia. "Nenda."

Lakini habari ilikuwa imeshatoka nje ya ua. Kabla ya wiki kwisha soko zima la Kebirigo lilikuwa nayo. Tata akipita, kijana wa bodaboda anamuuliza, "Mzee, mgeni alifika?" Mwanamke anayeuza nyanya anauliza vivyo hivyo. Watu walewale aliowasomea barua za watoto wao, na wengine aliwasomea wakilia. Aliacha kwenda sokoni. Kanisani akaanza kuketi nyuma.

Jioni ya Jumapili ile, kabla sijarudi mjini, alikuwa ameandika barua moja ya mwisho. Aliniomba niangalie Kiingereza chake. Hakukuwa na kosa. Alimwambia daktari kwamba hajui kama kuna mtu anayesoma, ila kama yupo, ajue kwamba amemwaibisha mbele ya mke wake na kanisa lake, na kwamba amemsamehe. Tukaituma. Hata hatujaweka simu mezani, jibu likaingia. Lilikuwa na picha ile ile, tabasamu lile lile. Lilisema: pole kwa kutukosa leo! Bado hujachelewa.

Tata alinisukumia simu.

"Mwambie aache," akasema.

Nilijaribu, na hapo ndipo nilipowajua watu hawa. Mahali pa kujiondoa palikuwa chini kabisa, kwa herufi za kijivu ndogo kama chawa. Nikabonyeza. Wakaniuliza mbona naondoka. Nikajibu. Wakaniuliza kama ningependa barua zipunguzwe badala ya kukomeshwa. Nikakataa. Wakasema itachukua siku kadhaa kushughulikia ombi langu, wao wanaoweza kujibu barua ya mzee kabla hajavuta pumzi. Siku hizo zikapita na barua zikaongezeka. Nadhani kubonyeza kule kulikuwa kumewaambia kwamba huku kuna mtu hai. Nikaandika malalamiko; yakarudishwa, kwamba anwani hiyo haipokei barua. Anayekuandikia kila siku hana mlango wa kugongwa.

Baadaye kidogo kijana mmoja alikuja dukani kwetu Kisii, suti nyembamba, laptopu kwapani. Alitaka kumwuzia bosi wangu huduma ya kuwatumia wateja matangazo kwa imeli. Bosi akaniita nisikilize kwa sababu mimi ndiye ninayeandikisha wateja mapokezini.

"Hii kitu inajituma yenyewe, madam," kijana akaeleza. "Unaweka jina la customer, anafeel mnamjua. Unamwambia ulikuwa unamfikiria. Inashika sana, haswa wazee."

"Na wakijibu?"

"Nani?"

"Hao wazee. Wakijibu, nani anasoma?"

Alitabasamu. "Hakuna mtu hujibu hizo, madam."

"Baba yangu alijibu. Alimchinjia jogoo."

Akacheka, na bosi akacheka, wakidhani natania. Sikucheka. Kijana akakohoa, akarudi kwenye laptopu yake na kumwonyesha bosi rangi za kuchagua. Bosi aliichukua huduma hiyo. Mwezi ule nikaambiwa niingize anwani za wateja wetu wote. Niliziingiza. Niliziruka za wazee, wale niliowakumbuka wakiingia wamejishikilia ukutani, na hakuna aliyegundua. Lakini zile nyingine niliziingiza kwa mikono yangu, kwa sababu kazi ni kazi na mtoto wangu yuko shule, na sasa kuna watu Nyamarambe na Kisii ambao duka letu huwafikiria kila Jumatatu.

Tata hakuishika tena simu ile. Mdogo wangu aliandika akangoja, akaandika tena, mwishowe akanipigia.

"Nimemkosea nini Tata? Mbona hanijibu?"

Nilimweleza kisa chote. Nikasikia anapenga kamasi. Akasema ataandika barua moja ndefu, nimsomee Tata mimi mwenyewe. Akaiandika kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ili Tata asiwe na shaka. Niliichapisha kazini, nikaipeleka nyumbani, nikamkuta barazani akinoa panga. Nikamsomea yote: kwamba amewakumbuka, kwamba anawaombea, kwamba usiku huota yuko kijitoni, kwamba yule mzee wa kuimbiwa amefariki na yeye ndiye aliyemfumba macho, kwamba hapendi Tata anyamaze.

Mama alikuwa anajifuta machozi kwa kanga. Tata aliendelea kunoa.

"Ni yeye, Tata. Ni mwanao."

"Najua unasema ni yeye."

"Mashine haiwezi kuandika Ekegusii namna hii."

"Leo haiwezi," akasema. Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Na wale walisema wamenikumbuka. Walisema wananifikiria wakiamka. Maneno ni hayo hayo, mwanangu. Nitayapima kwa nini?"

Mama akamwambia, "Mwandikie mtoto, mstari mmoja tu."

Akatikisa kichwa. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja vizuri, kwa heshima, akanirudishia.

"Mwambie kama ni yeye, aje."

Alichukua panga akashuka shambani, akiegemea fimbo kwenye mteremko. Sote tulijua mdogo wangu hawezi kuja. Karatasi zake za kuishi kule bado hazijakamilika. Akitoka hataruhusiwa kurudi, na nusu ya nyumba hii inasimama kwa kazi yake. Tata pia anajua.

Nilimwandikia mdogo wangu kwamba barua imefika, kwamba Tata hajambo, ila mvua zimeanza na majani chai yamemshika sana.